Mujusi Ndani ya Chumvi

Leo ninaanza na kuomba musamaha.

Wiki iliyopita niliwaacha pale nilipofunika sanduku la mijusi na kitenge changu, nikawaambia dume amelala. Watu wengi walinipigia, wakasema: Mama Élysée, uko na moyo muzuri, hata mujusi unamufunika asisikie baridi.

Dume hakulala. Dume alikufa. Na aliyemuua ni mimi.

Ndiyo, niliwadanganya hata ninyi munaonisoma. Sikuanza na ninyi, na kwa bahati mbaya sikuishia kwenu.

Kwa yule ambaye gazeti hii imemufikia ikiwa imefungia mandazi, nitaeleza kwa ufupi. Mimi ni Mukabaranga, mujane wa hapa milimani Kirolirwe, muuza maziwa. Mutoto wangu wa pekee, Élysée, anasoma mambo ya wanyama kule Namibia. Mwezi wa sita alirudi nyumbani na mijusi mbili za jangwani ndani ya termosi ya chai, dume na jike. Alisema mwalimu wake amemupa kazi: aone kama zinaweza kuzaa mbali na jangwa. Zikizaa, njo ataandika kitabu chake cha kumaliza masomo. Alikaa wiki mbili, akarudi shuleni. Mijusi akaniachia.

"Mama, hizi hazipande ukuta kama za hapa," alinieleza. "Zinachimba. Angalia muguu, iko kama wa bata."

Niliangalia muguu. Niliangalia na tumbo, kwa sababu ngozi yake ni nyepesi hata unaona chakula alichokula jana. Niliangalia macho, makubwa, bila kifuniko. Vumbi ikiingia, anatoa ulimi anailamba.

"Inahitaji nini?" niliuliza.

"Joto na mchanga mukavu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Joto na mchanga mukavu, hapa Kirolirwe! Hapa nguo inakauka siku tatu, na ya ine inanyeshewa tena. Lakini mama ni mama. Nilishuka Sake kununua mchanga, nikarudi na gunia mbili juu ya pikipiki. Kwenye barriere askari wakanisimamisha.

"Mama, ndani iko nini?"

"Mchanga."

"Wa kujenga?"

"Wa mijusi."

Walimwaga gunia yote mbili chini, wakachunguza kwa fimbo, wakakuta mchanga. Wakanihurumia. Yule mukubwa wao alinisaidia kuzoa.

Sasa turudi kwa kifo.

Ilikuwa siku ya Mungu, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umeingia hadi jikoni. Mijusi zilikuwa baridi kama vijiko. Nikafikiri, nikajiona mwenye akili. Nikachemsha maji, nikajaza bidoni, ule mutungi wa plastiki wa njano, nikaweka sanduku juu yake. Nikaenda kusali.

Muhubiri alikuwa mugeni. Wageni hawajui kumaliza.

Niliporudi, niliweka mukono ndani ya sanduku nikautoa haraka. Ule mchanga ungekaanga karanga. Jike nilimukuta juu ya jiwe, anahema. Dume hakuonekana. Nikachimba. Nilimupata chini kabisa, kwenye mbao, mahali penye moto kuliko pote.

Baadaye, bila kusema kwa nini ninauliza, nilimuuliza Élysée kwenye simu: "Mujusi wa jangwa akisikia joto kali, anafanya nini?"

"Anachimba chini, Mama. Kwao joto inatoka juu kwa jua. Chini njo kuna baridi."

Na mimi niliweka jua chini. Maskini alikimbia moto, akachimba, akachimba, akauingia.

Nilimuzika nyuma ya jiko. Halafu nikafanya ubaya wa pili.

Kwenye simu nilikuwa na picha kumi na moja za dume akiwa muzima. Kila wiki nikawa ninatuma moja. Élysée alifurahi.

"Mama, amenenepa!"

Ile picha ilikuwa ya zamani kuliko ile niliyomutumia kwanza.

"Uko na mukono wa baraka, Mama."

Nilijibu: "Ni Mungu."

Ona sasa, hata Mungu nilimuingiza.

Wiki tatu baada ya mazishi, nilikuwa ninapangusa kioo cha sanduku, nikaona jike amekonda gafla. Nikafikiri na yeye anakwenda. Nikapapasa mchanga kidole kimoja kimoja. Nikagusa kitu. Yai. Pembeni yake, lingine. Meupe, madogo kama maharagi.

Marehemu aliacha kazi imekwisha.

Nililia. Mimi mwanamuke wa miaka arobaini na nane, niliyezika bwana na wazazi, nililia juu ya maharagi mbili.

Élysée alipiga kelele kwenye simu hata nikaitenga na sikio. "Mama, sikiliza! Hapana kuyageuza! Yai la mujusi si la kuku. Ukiligeuza, mutoto anakufa ndani. Kamata krayo, chora musalaba juu ya kila moja. Musalaba uangalie juu siku zote. Na joto isikatike, miezi mbili ao zaidi."

Joto isikatike. Na bidoni nilikuwa nimeapa sitaigusa tena.

Pale njo anaingia Papa Rukara.

Papa Rukara anatengeneza fromaje, ile jibini ya maziwa, upande wa chini ya kilima. Alifiwa na muke wake miaka mine iliyopita. Mimi njo ninamupelekea maziwa, na tangu Pasaka, kila siku ya Mungu ananiletea maji yanayobaki kwa fromaje, ndama wangu anywe. Ndama mumoja, na analeta bidoni nzima. Watu wameanza kuhesabu bidoni.

Nyumba yake ya fromaje iko na jiko la matofali ambalo halizimike mwaka mzima. Juu ya rafu, karibu na ukuta wa jiko, kuna joto kama ya Namibia.

Shida ilikuwa moja. Papa Rukara ni mwanaume wa kujaza mulango. Nimemuona akishika ng'ombe dume kwa pembe na kumuongelesha kama rafiki. Lakini mujusi, hata ule mudogo wa ukuta, akiuona anatoka nyumbani mwake na harudi mpaka mutu aingie kwanza kuutoa.

Basi nilimupelekea sanduku limefunikwa.

"Iko nini hii, Mama Élysée?"

Na kinywa changu, bila kuniuliza, kikajibu: "Ni prezire."

Kwa wasiojua, prezire ni ile dawa ya kugandisha maziwa ili yawe fromaje. Nilikuwa ninamudanganya mutu juu ya kazi yake mwenyewe.

"Prezire ndani ya mchanga?"

"Ya Namibia. Kule njo wanaifanya hivyo. Inapashwa kuiva kwa joto. Hapana kufungua."

"Namibia iko na ng'ombe?"

"Mingi sana."

Hapo angalau nilisema kweli.

Aliliweka sanduku juu ya rafu kwa mikono yote mbili, kama kitu cha kanisa. Kila siku jioni nilikuwa ninakuja "kuangalia prezire", ninatupia jike panzi zangu chini ya kitenge, ninaangalia misalaba, ninakwenda. Papa Rukara alikuwa ananingojea na kikombe cha maziwa ya moto. Tulikuwa tunakaa. Sitasema zaidi, hii ni gazeti ya watu wote.

Siku arobaini na moja zilipita namna hiyo. Siku ya makumi ine na mbili ilikuwa juzi, siku ya ine ya wiki.

Nilifika asubuhi na maziwa, mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuta Mama Astrid amekaa kwenye benchi, miguu imepangwa vizuri. Mama Astrid njo mukubwa wa shirika letu la wauza maziwa. Alikuwa amekuja kuonja fromaje ya Papa Rukara, aone kama ataisema vizuri kwa wanunuzi wa Goma. Papa Rukara alikuwa amevaa shati ya harusi za watu wengine. Mikono ameikunja mpaka kwenye kiwiko.

Mbele yake, sufuria kubwa ya maziwa ya vuguvugu. Pembeni ya sufuria, sanduku langu. Kitenge kimeondolewa. Jike hakuonekana, mchana analala chini ya mchanga.

"Mama Élysée!" alisema, na sura yake iliangaza. "Umefika saa nzuri. Nimemwambia Mama Astrid juu ya prezire yako. Leo tunaijaribu."

"Haijaiva," nilisema.

"Imeiva. Siku makumi ine na mbili, nimezihesabu."

"Papa Rukara, hapana."

"Uko na haya bure. Kitu kizuri kinaonyeshwa." Akageukia Mama Astrid. "Huyu mwanamuke anafanya mambo makubwa kimya kimya."

Na akaingiza mukono ndani ya mchanga mpaka kwenye kifundo.

Kwanza hakukuwa kitu. Alitabasamu, akapapasa, kama mutu anayetafuta kiazi shambani. Halafu tabasamu ikabaki mahali pake, lakini yeye mwenyewe akaondoka nyuma yake. Akautoa mukono polepole.

Jike alikuwa amekaa juu ya kidole gumba. Mchanga ulikuwa unamuteremka mgongoni. Akatoa ulimi, akalamba jicho la kuume. Akafungua kinywa na kulia, sauti kama mulango usiotiwa mafuta.

Mama Astrid aliinama aone vizuri.

"Prezire iko na macho?" aliuliza.

"Mana yanjye!"

Papa Rukara alimuita Mungu wake, na ile kelele ilisikika hadi kwa ng'ombe. Mukono ukaruka, mujusi akaruka, muguu ukapiga sufuria. Maziwa yote yakamwagika, yakaingia chini ya benchi, Mama Astrid akapanda juu yake na viatu. Na Papa Rukara, kwa kuogopa yaliyobaki ndani, akakamata sanduku zima akalitupa inje kwa dirisha.

Mayai yalikuwa ndani.

Nilisimama katikati ya mulango. Inje, mayai chini ya mvua. Ndani, mama yao miguuni pa watu. Mutu anasema atajua la kufanya saa ya shida. Mimi nilizunguka mara mbili kama kuku, halafu nikatoka inje.

Yai la kwanza nililipata chini ya ukwato wa ng'ombe. Sitaeleza. La pili lilikuwa zima, limelala juu ya majani, mvua inalipiga. Nikapiga magoti. Nikatafuta musalaba.

Musalaba ulikuwa unaangalia chini.

Nililigeuza taratibu na kucha mbili, nikaliweka ndani ya sanduku langu la kiberiti juu ya mchanga uliobaki mukavu kidogo, nikaliingiza ndani ya nguo, kifuani, mahali pekee penye joto niliyokuwa nayo. Nikarudi ndani.

"Amekwenda wapi?"

Papa Rukara alikuwa kwenye mulango, muguu moja inje. Mama Astrid alikuwa juu ya benchi, amejifunga kitenge hadi magoti.

Nikaanza kutambaa ndani ya maziwa. Nilitazama nyuma ya rafu. Nilitazama kati ya fromaje moja moja. Niliita, na sijui kwa nini niliita, mujusi hana jina: "Mama, kuya. Kuya, mama."

"Anaita nani?" Mama Astrid aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyamaza," Papa Rukara akamujibu. Sijapata kusikia mutu akimwambia Mama Astrid anyamaze.

Pembeni kulikuwa beseni la chumvi, ile ya kupaka fromaje. Ilikuwa imejazwa na kusawazishwa. Katikati niliona shimo, upana wa kidole. Na nyuma ya shimo, chumvi imetupwa kama unga mbele ya mashine ya kusaga.

Ile namna ya kutupa niliijua. Miezi mitano niliiona kila siku. Alipotafuta mchanga wa kwao, aliona kitu cheupe, kikavu, laini. Akachimba. Akasema: nimefika nyumbani.

Nikachimba na vidole vyote kumi.

Alitoka amekuwa mweupe, kama samaki anayesubiri kupelekwa soko. Macho yake yalikuwa yamejaa chumvi. Na hana kifuniko cha kuyafunga. Alitoa ulimi alambe, na ulimi nao ulikuwa na chumvi. Akalamba, akalamba, na kila mara aliongeza.

Pale sikucheka. Ninajicheka kwa yote ninayoandika hapa, lakini pale hapana. Nilisema: "Maji. Maji ya vuguvugu, haraka, tafazali."

Nilisikia hatua nzito ndani ya maziwa. Bakuli ilifika mbele yangu. Niliinua macho. Papa Rukara alikuwa ameinyosha kwa mukono wote, sura ameigeuza ukutani, macho yamefungwa, jasho linamuteremka. Maji yalikuwa yanacheza ndani ya bakuli. Lakini mukono hakuuondoa.

Nilitia kidole ndani ya maji, nikamudondoshea jike tone kwa tone. Jicho la kuume. Jicho la kushoto. Mgongo. Kinywa. Ilichukua muda murefu. Mama Astrid alishuka kwenye benchi, akavua kitambaa chake cha kichwa, akanipa nimufungie ndani.

Mwishoni jike alilamba jicho moja, akatulia.

"Ni muzima?" Papa Rukara aliuliza ukutani.

"Muzima."

"Basi niambie saa niweze kufungua macho."

Mama Astrid alikwenda bila kuonja fromaje. Kwenye mulango alisema: "Mukabaranga, shirika litakaa, tutaongea." Kitambaa hakukiomba.

Tulibaki wawili. Maziwa yalikuwa yanaingia taratibu ndani ya udongo.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ungenikubalia?"

"Hapana."

"Unaona?"

"Lakini ningekujengea jiko lingine," alisema. "Nyumbani kwako. Matofali niko nayo."

Miezi ile yote nilitafuta uongo muzuri, na ukweli ungenipa jiko.

Nilimwambia yote pale pale. Bidoni, muhubiri mugeni, kaburi nyuma ya jiko, picha kumi na moja. Alisikiliza. Alicheka mara moja tu, juu ya muhubiri.

"Umwambie mutoto," alisema.

"Nitamwambia."

"Leo."

Kwetu, reso ya simu inapatikana kilimani tu, kwenye jiwe lililo juu ya malisho. Nilipanda na mvua, yai kifuani, jike ndani ya kitambaa cha Mama Astrid. Papa Rukara alinifuata na mwavuli, hatua tatu nyuma. Ule umbali ulikuwa kwa ajili ya kitambaa, si kwa ajili yangu.

Njia yote nilikuwa ninapanga maneno. Mutoto wangu, nilikudanganya. Mutoto wangu, dume hayupo tangu mwezi wa nane. Mutoto wangu, andika ukweli ndani ya kitabu chako, andika mama ni mujinga.

Simu iliita mara moja tu.

"Mama!" Sauti ilikuwa karibu sana. "Nilikuwa ninakutafuta tangu asubuhi."

"Élysée, kuna kitu ninapashwa kukuambia."

"Mimi kwanza, Mama. Tafazali. Nikinyamaza sasa sitasema tena."

Nikabana simu kwenye sikio.

"Hakuna kitabu," alisema. "Nilianguka mitihani, Mama. Tangu mwaka jana. Mijusi, mwalimu hakunipa. Niliziiba mwenyewe ndani ya chumba chake cha wanyama. Nilifikiri: nikifaulu kuzizalisha kwetu, kwenye baridi, nitarudi nimuonyeshe, na atanikubali tena."

Mvua ilikuwa inagonga mwavuli. Sikujua Papa Rukara alikuwa ameusogeza juu ya kichwa changu.

"Mama, uko hapo?"

"Niko."

"Mwalimu amejua. Hakupiga kelele. Amesema nikizirudisha zote mbili, dume na jike, zikiwa nzima, mambo yataishia ndani ya ofisi yake. Kama moja haipo, ni polisi."

"Uko wapi, Élysée?"

"Niko njiani, nimepita Mubambiro. Niko Sake, ninapatana na mutu wa pikipiki. Mbele ya jioni niko hapo." Nilisikia pumzi yake. Nilisikia na injini ikiwashwa. "Mama, miezi hii yote, zile picha zako njo zilikuwa zinanisimamisha. Kila wiki ninasema: angalau dume iko. Niambie tu kwa kinywa chako, nipande pikipiki na moyo mutulivu. Iko muzima?"

Niliweka mukono kifuani, juu ya sanduku la kiberiti. Niliangalia chini, kwa barabara ya Sake, inayozunguka kati ya malisho na kupotea ndani ya ukungu. Papa Rukara alikuwa ananiangalia. Alitikisa kichwa: sema.

Nilifungua kinywa niseme ukweli.

Ninyi munanijua.

"Iko muzima, mutoto wangu," nilisema. "Asubuhi hii amekula vizuri."

"Aksanti, Mama," alisema. Simu ikakatika.

Sikuweza kumuangalia Papa Rukara. Nilingoja anigombeze, nilingoja azungushe mwavuli wake na kushuka peke yake, na ningemupa haki.

Alikohoa. Alisogea hatua moja, mpaka karibu na kitambaa.

"Sasa, Mama Élysée," alisema, "dume tutamutoa wapi?"